DJI Mavic 3 Enterprise kando ya nyaya za umeme: tathmini ya mtumiaji

Muuzaji aliyeniuzia droni hii aliiweka juu ya meza, akaigeuzageuza ili nivione vijicho vyake vya mbele, vya nyuma, vya juu na vya chini, kisha akaniambia kwa uhakika wote, "Mzee, hii inakwepa hata uzi wa kushonea." Nimeirusha kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu kando ya njia za umeme za mkoa wa Morogoro, na ninaweza kusema kwamba maneno hayo si kweli, tena kijitabu cha maelekezo kinachokuja na droni yenyewe kinaonya kwamba mfumo wake wa kuona hauaminiki mbele ya vitu vyembamba kama nyaya za umeme na vijitawi vya miti. Hata hivyo, kama ningeulizwa leo ningeinunua tena. Sababu yangu ni tofauti na ile ya muuzaji: droni hii inafaa karibu na nyaya kwa kuwa inakuruhusu usizikaribie.

Kazi yangu ni upimaji na upigaji picha kutoka angani. Wakandarasi hunipa vipande vya mkuza wa umeme, yaani ukanda wa ardhi unaopitiwa na nyaya, nikague miti iliyokaribia nyaya, vikombe (vile vihami vinavyotenga waya na chuma) vilivyopasuka na vyuma vilivyolegea, na kabla ya kurusha chochote huwa nimepata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ridhaa ya mamlaka za ulinzi, na idhini ya mwenye njia ya umeme, ambaye pia hunipa mtu wake wa kusimama nami. Njia ninazozifahamu zaidi ni zile za msongo wa kilovolti 220 zinazotoka Kidatu kupitia Morogoro kuelekea Ubungo, pamoja na laini za kilovolti 33 na 11 zilizobebwa na nguzo za miti, ambazo ndizo zinazopita mashambani na vichochoroni na ndizo zinazoangusha droni nyingi.

Droni yenyewe ina uzito wa gramu 915, inabeba kamera mbili, na ilitoka kiwandani mwaka 2022. Kamera ya kwanza ni pana, yenye megapikseli 20 na shata ya kimakanika, nayo ni ya kutengenezea ramani. Kwa kazi hiyo ni nzuri sana, lakini si yake ninayoandikia hapa. Ya pili ni ya megapikseli 12, yenye lenzi ndefu inayolingana na milimita 162, na pembe yake ya kuona ni nyuzi 15 tu. Mtu akiisoma karatasi ya vipimo anaweza kuipita kamera hiyo ya pili kama nyongeza, ilhali kwa mkaguzi wa nyaya ndiyo bidhaa yote.

Hesabu yake ni rahisi. Ukiwa mita 20 kutoka kwenye mnara, picha ya lenzi ndefu inafunika upana wa takriban mita 4, na kwa kuwa upana huo umegawanywa katika pikseli 4,000, kila pikseli inabeba milimita moja hivi. Kamera pana ikiwa mahali pale pale, pikseli moja inabeba zaidi ya milimita 5, kwa hiyo ili kupata undani huohuo italazimika kusogea hadi mita 4 kutoka kwenye chuma, yaani mahali ambapo upepo mmoja tu unatosha kukutia hasarani. Asubuhi moja karibu na Mikumi nilisimamisha droni mita 24 kutoka kwenye mkono wa mnara, nikavuta picha ya mnyororo wa vikombe, na pale unapoungana na chuma nikaona tundu la pini likiwa tupu, na pembeni ya tundu hilo mstari wa kutu ulioshuka kama machozi. Boliti ilikuwa bado ipo, ikiwa imejitokeza kiasi cha upana wa ukucha. Fundi wa njia aliyesimama nami aliitazama skrini kwa muda mrefu, akaomba niikuze tena, halafu akasema tu, "Haya, mwalimu, hiyo nipe na namba ya mnara." Kwa darubini ya mkononi kutoka ardhini tusingeiona, kwa sababu tundu lilikuwa upande wa juu.

Tangazo la kukuza picha mara 56 lisikushughulishe, kwani baada ya uwezo wa lenzi yenyewe kwisha kinachofuata ni programu kutanua picha, na binafsi sioni faida ya kupita mara 14. Tundu la lenzi ndefu ni dogo pia, f/4.4, kwa hiyo jioni au chini ya wingu zito picha huanza kuwa na chengachenga. Kazi ya pini na boliti ifanyike kati ya saa mbili asubuhi na saa tano, upepo ukiwa haujaamka.

Sasa nirudi kwenye vile vijicho. Vihisi vya droni hii ni jozi za kamera ndogo zinazolinganisha picha mbili za kitu kimoja ili kukadiria umbali wake, kama macho yetu yanavyofanya. Ili ulinganishaji huo ufaulu, kitu kinapaswa kuwa na upana na madoa ya kutambulika. Ukuta unao, mti wenye majani unao, mnara wa chuma unao kwa kiasi. Waya hauna. Waya wa laini ya kawaida ya kilovolti 33 au 11 una kipenyo cha milimita 10 hadi 14, hauna doa wala kona, na ukiwa mbele ya anga jeupe hupotea kabisa. Nimejaribu mwenyewe, kwenye kipande cha waya usio na umeme kilichotandazwa kati ya miti miwili: nikienda taratibu huku mlima ukiwa nyuma ya waya, droni ilisimama mara chache, nikiwa na anga nyuma ya waya, haikuonyesha hata mstari mmoja wa tahadhari, nami ndiye niliyesimamisha.

Hatari hii huwa kubwa zaidi kwa yule anayeamini kwamba ameshaziona nyaya zote. Juu kabisa ya minara mikubwa, juu ya nyaya zinazobeba umeme, hupita waya wa kinga ya radi, mwembamba kuliko zile za chini. Rubani mgeni hukaza macho kwenye nyaya nene zilizoning'inia kwenye vikombe, akaamua kupita juu yake kwa nafasi ya kutosha, na nafasi hiyo ndiyo hasa mahali ulipo waya wa radi. Kwenye nguzo za miti kuna nyaya za stei, zinazoshuka kwa mshazari kutoka juu ya nguzo hadi ardhini, ambazo hazionekani ukiziangalia kupitia skrini. Droni yangu ya kwanza, ya aina nyingine ambayo sitaitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu, iliishia kwenye stei ya namna hiyo katika shamba la miwa, nami nikiwa na uhakika kabisa kwamba nimekwisha kuzihesabu nyaya zote tatu.

Ndiyo maana siku hizi sikubali kupita juu wala chini ya nyaya kwa ajili ya picha, na kamwe sipiti katikati yake. Ninakaa upande mmoja wa njia, mita 20 hadi 30 kutoka waya wa nje, ninapiga urefu wote wa kipande, kisha ninaishusha droni, tunavuka kwa miguu au kwa gari, na kuirusha upya upande wa pili. Wateja wengine huona hili ni kupoteza muda. Ni kweli linapoteza muda, dakika 10 au 15 kwa kila kipande, na mimi huziweka kwenye bei.

Kupima hizo mita 20 ni udhaifu wa kweli wa droni hii, kwa kuwa haina kipima umbali cha leza. Rubani aliyesimama chini hawezi kujua kwa macho kama droni iko mbele ya waya au nyuma yake. Macho yetu yanadanganyika kwa umbali wa namna hiyo, na skrini inadanganya zaidi, hasa ukiwa kwenye lenzi ndefu, kwa sababu lenzi hiyo huvuta kila kitu karibu. Dawa niliyoizoea ni kuwa na mwangalizi ambaye hasimami nami. Yeye husimama chini ya njia yenyewe, akiangalia kuielekea mbele, ili aione droni ikiwa pembeni na pengo likiwa wazi mbele yake, nasi tunazungumza kwa redio ya mkononi. Tumekubaliana kwamba akisema "simama" sibishani wala siulizi sababu, na neno hilo halitumiki kwa jambo lingine lolote siku hiyo.

Kwa sisi tunaofanyia kazi kwenye miteremko kama ya Uluguru, kimo kinahitaji maelezo ya pekee. Namba ya kimo inayoonekana kwenye skrini huhesabiwa kutoka mahali uliporushia droni, si kutoka ardhi iliyo chini yake kwa wakati huo. Ukirushia bondeni na mnara uko kilimani, mita 60 zinazosomeka kwenye rimoti zinaweza kuwa usawa wa mikono ya mnara huo. Mimi hupanda hadi usawa wa shina la mnara ninaokagua na kurushia hapo, hata kama barabara iko chini na jasho ni langu.

Sehemu ya dira imejaa imani zisizo na msingi kwa pande zote mbili, wanaoogopa kila kitu na wasioogopa chochote. Dira ya droni ni kihisi kidogo kinachopima uga wa sumaku wa dunia, ambao kwa maeneo yetu haya ya karibu na ikweta ni dhaifu, takriban mikrotesla 33. Waya wenye ampea 500 hutoa, kwa umbali wa mita 10, uga wa mikrotesla 10, na kwa hesabu hiyo mtu angetarajia dira ichanganyikiwe vibaya. Lakini umeme wa gridi yetu hugeuka mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na uga wake hugeuka nao, hivyo wastani wake kwa dira hukaribia sifuri. Zaidi ya hapo, awamu tatu za njia moja, yaani nyaya zake tatu ambazo mikondo yake hupishana kwa wakati, hupunguzana nguvu kadiri unavyosogea mbali. Kwa mita 20 hadi 30 kutoka njia ya kilovolti 220, sijaona tahadhari ya dira inayotokana na umeme wenyewe. Tahadhari nilizoziona zilitokana na chuma: mnara, daraja, nondo zilizomo ndani ya zege, mabati, na gari.

Gari ndilo lililonifundisha. Siku moja ya matope nilirushia droni kutoka kwenye bodi ya nyuma ya pikapu ili mapanga yasiguse nyasi. Dira ilisoma chuma cha gari kana kwamba ndicho kaskazini, programu ikaniuliza kama ninataka kuisahihisha, na mimi, kwa haraka, nikaisahihisha hapo hapo juu ya chuma. Ilipopanda mita 15 ikaanza kuzunguka polepole, kisha kwa mduara mpana zaidi, kama ngamia wa kinu aliyelegezewa kamba. Kinachotokea ni kwamba droni inajua mahali ilipo kwa setilaiti, lakini haijui inatazama wapi. Inajisahihisha kuelekea upande usio sahihi, inakosea zaidi, inajisahihisha tena. Nilibahatika kuwa mbali na nyaya. Niliacha kupigana nayo kwa vidole vyote viwili, nikaishusha moja kwa moja chini, ikatua kwenye mpunga wa watu. Tangu siku hiyo ninabeba kipande cha turubai na ninarushia mita 15 au zaidi kutoka kwenye gari, na dira ninaisahihisha uwanjani, funguo na simu zikiwa zimebaki kwenye mkoba.

Hapo pia ndipo wanapokosea wanaonunua kifaa cha ziada cha RTK wakidhani kitaondoa tatizo la dira. Kifaa hicho kinaipa droni mahali ilipo kwa usahihi wa sentimita, na kwa ramani kinastahili fedha yake. Lakini kina antena moja, na antena moja haiwezi kujua uso wa droni umeelekea wapi. Droni kubwa kama Matrice 300 zina antena mbili zinazosaidiana kupata mwelekeo bila kutegemea sumaku. Hii haina, kwa hiyo dira inabaki kuwa dira.

Tahadhari yangu ingekuwa nyingine kabisa kwenye njia za umeme wa mkondo mnyoofu, yaani usiogeuka mwelekeo. Njia ya aina hiyo inayotoka Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 na uwezo wa megawati 2,000 kwa kilovolti 500 chanya na hasi, ikibeba mzigo wake wote hupitisha ampea 2,000 katika kila upande. Uga wake haugeukigeuki, kwa hiyo haujifuti. Kwa mita 10 kutoka upande mmoja, uga wa upande huo pekee ni mikrotesla 40, zaidi ya uga wa dunia wenyewe, na ingawa upande wa pili unaupunguza, kinachobaki kinatosha kuipotosha dira. Mkaguzi anayefanya kazi huko hawezi kuchukua mazoea ya kwetu akayahamisha yalivyo.

Kuhusu mawasiliano kati ya rimoti na droni, sina malalamiko makubwa. Mfumo wake hutumia gigahezi 2.4 na 5.8 na kuhama wenyewe kati ya masafa hayo. Ule mlio wa kuunguruma unaosikika chini ya nyaya kubwa asubuhi yenye umande, ambao wengi huutaja kuwa ndio "unaokata mawimbi", kelele zake za redio ziko kwenye masafa ya chini mno, yale ya redio za masafa ya kati. Zitakuharibia taarifa ya habari, si picha ya droni. Kinachokata picha mara nyingi ni mwili wa mnara ulioingia kati yako na droni, au minara ya simu. Karibu na mnara wa simu wenye antena nyingi, hasa ukiwa usawa wa antena hizo na mbele ya uso wake, nimeona alama za mawimbi zikishuka kutoka nne hadi moja ndani ya sekunde chache, kwa kuwa kipokezi huzidiwa na nguvu ya jirani hata kama masafa si yale yale. Mjini, penye Wi-Fi kila dirisha, ninaichagulia gigahezi 5.8 kwa mkono badala ya kuiachia ichague.

Mawasiliano yakikatika, droni hutekeleza agizo uliloiachia, na hili ndilo pangilio ambalo ningependa kila mnunuzi alifungue kabla ya mengine yote. Kwa kawaida agizo ni kurudi nyumbani, yaani kupanda hadi kimo kilichowekwa na kunyoosha njia hadi ilikorushiwa. Kama kimo hicho ni mita 30, na minara ya msongo mkubwa mara nyingi hupita mita 30 na mingine 40, basi umeiagiza ipite katikati ya nyaya bila wewe kuwa na sauti. Mimi hupima mnara, naongeza mita 25, na naweka hiyo. Pale ambapo njia ya kurudi inakatiza nyaya kwa namna yoyote, ninabadilisha agizo liwe kuelea ilipo, kisha mimi ndiye ninayesogea na rimoti hadi mawimbi yarudi.

Mengine ni ya kawaida. Dakika 45 za betri zinazotangazwa ni za hewa tulivu. Mimi hupata 32 hadi 35, nikitua betri ikiwa na asilimia 25. Betri ina wati-saa 77, hivyo inaruhusiwa kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege. Joto la juu linalokubalika ni nyuzi 40, ambalo rimoti iliyoachwa juani hulifikia mapema kuliko droni. Haina kinga dhidi ya maji, na umande wa Mikumi unatosha kuutia ukungu uso wa lenzi kwa robo saa. Skrini ya rimoti inang'aa vizuri hata mchana, jambo ambalo sikulitarajia.

Ikinasa kwenye waya, haitolewi kwa mti, kwa kamba wala kwa ngazi, hata kama nyumba za jirani zimezimika umeme. Waya unaweza kurudishiwa umeme wakati wowote. Nawaondoa watu, namwita mwenye njia, na nasubiri.

Kampuni imekwisha kutoa mrithi wake, Matrice 4E, mwezi Januari 2025, naye ana kile kipima umbali cha leza ninachokilalamikia, kwa hiyo mwenye bajeti ya kifaa kipya na anayekusudia kazi ya nyaya aanze kuuliza huko. Matokeo yake ni kwamba Mavic 3 Enterprise zilizotumika zimeanza kuonekana kwa bei nafuu. Anayeletewa moja aombe kuona kumbukumbu za safari zake ndani ya rimoti, atafute maonyo ya dira yanayojirudia katika maeneo tofauti, kisha amwombe muuzaji airushe uwanjani, mbali na magari, na kuiacha ielee kwa dakika tatu bila mtu kugusa rimoti. Yangu, katika jaribio hilo, huhama kwa kiasi cha upana wa kiganja.